Alhamisi ya Apolonia

Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa bomba la maji.
Tulilikata kwenye tangi la zahanati, usiku,
mimi na Pirei, kwa msumeno butu,
tukalitia kitako cha mti, msumari ukawa kifyatulio.
Kisiwani Bougainville, bahari imefungwa na meli za serikali,
hata vita tulivitengeneza nyumbani,
kama sabuni, kama chumvi,
kama mafuta ya taa tuliyoyapika kwa tui.

Asubuhi Apolonia alifungua mfereji.
Mfereji ukakohoa.
Hakuuliza nani. Alichukua ndoo
akashuka mtoni, akapanda, akashuka.

Dawa zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa tatu.
Kidonda alikiosha kwa maji ya dafu,
homa aliikalisha chini kwa majani na kwa ukali.
Wanaume walipomwambia, "Mama, tuombee amani,"
alitema tambuu, nyekundu, akasema:
"Amani ni neno pana, halina mpini.
Nitalishika wapi? Mimi naomba Alhamisi."

Alhamisi tu. Tangu jogoo mpaka jua la kupikia,
njia ya mtoni iwe ya wenye mimba,
ya wenye kuharisha, ya aliyeumwa jino.
Akaja kwetu kwanza. Siubai, kamanda wetu,
alimcheka mpaka kofia ikamdondoka.
Akafungua daftari lake la uzazi, pembe zimeliwa na mende:
"Siubai, wa Heleni. Ulitanguliza miguu.
Nilikugeuza kwa mkono huu. Usinigeuze mimi leo."

Kofia ilibaki chini.

Kisha akavuka kwa wale wa upande wa pili,
ndugu zetu waliobaki na serikali,
na daftari lile lile. Sijui alisoma ukurasa gani.
Najua alirudi na Alhamisi mbili,
yetu na yao, na zote zilikuwa siku moja.

Sitadanganya. Alhamisi ya tatu
mtu alipiga risasi kutoka migombani,
na binti wa Teresia, mdogo wake mgongoni,
akalala njiani. Yule mdogo alikuwa hai, analia.
Wazee wakasema basi. Pirei akasema basi.
Mimi pia nilisema.
Apolonia alimwosha yule binti, akamsuka nywele,
hakutoa neno la kuandikwa popote.

Alhamisi ya nne tukamwona njiani,
peke yake, na kiti.
Alikiweka pale pale penye damu, akaketi,
kama mtu aliyekuja kudai chake.

Saa nne hakuja mtu. Saa sita hakuja mtu.
Saa nane alikuja adui, kijana wa rika langu,
shavu limevimba, bunduki ameitundika mtini kule nyuma.
Jino.
Vita vyote vile, na jino.
Alimng'oa kichwa kikiwa kimebanwa kati ya magoti yake,
na yowe alilopiga, nilipolisikia kichakani,
nilidhani ni Pirei.

Baada ya hapo Ijumaa ilianza kujipenyeza.
Wakuu walikuja baadaye sana, kwa helikopta, na kalamu.
Mikuki ikavunjwa, nguruwe wakachinjwa, picha zikapigwa.
Apolonia hayumo pichani.
Siku hiyo ilikuwa Jumatano, alikuwa anachemsha bandeji.

Mimi nilimpelekea bunduki, nimeifunga kwa shuka.
Nilitaka alie, anikumbatie, aniite mwanangu.
Aliipima kwa shubiri.
"Fupi," akasema. "Mlilikata vibaya."
Akanituma spana.

Liko pale mpaka leo, kati ya tangi na mfereji.
Linavuja palipokuwa na tundu la msumari.
Nimelifunga kwa mpira, kwa nta, kwa kitambaa. Linavuja.
Kila Alhamisi nashuka, naziba kwa kidole
watoto wakichota.